"Hii nchi ni ya Wakristo": uzi kuhusu Wabudha, watu wa Kasigau na kisanduku cha "Nyinginezo"

Wadau, uzi wa leo ni mrefu. Chukueni chai.

Kila msimu wa siasa ukikaribia, kuna sentensi moja lazima imtoke mtu aliyeshika kipaza sauti: "Hii nchi ni ya Wakristo." Ukishuka kidogo kuelekea baharini unakutana na pacha wake: "Huku Pwani ni kwa Waislamu." Sitaji mtu, sitaji chama, mnaijua sheria ya nyuzi zangu. Nataka tuishike sentensi yenyewe, kwa sababu naona huwa inajibiwa ovyo. Mmoja analeta hesabu ya sensa, asilimia 85 na ushei ni Wakristo, kwisha maneno. Mwingine anamrushia Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010, kile kifupi ajabu kinachosema hakutakuwa na dini ya taifa. Wanavutana mpaka saa sita usiku, kesho wanaanza upya.

Tatizo ni kwamba wote wawili wanazungumzia dini zenye watu. Dini yenye watu ina kura, na dini yenye kura haikosi mtetezi. Mgombea yule yule utamwona Ijumaa na kofia, Jumapili na Biblia. Ukitaka kujua kama dola kweli haina dini, angalia inavyomtendea mtu ambaye imani yake haiwezi kumpa mgombea hata kiti cha wadi.

Ndiyo maana leo nawazungumzia Wabudha.

Najua mnauliza, mtoto wa Kaloleni na Ubudha wapi na wapi? (Kaloleni ya Voi, tafadhali. Si ile ya Kilifi, si ile ya Nairobi. Tumechoka kueleza.) Kweli, hapa kwetu mazungumzo ya dini ni msikiti na kanisa. Lakini wakati reli ya SGR inajengwa, kabla treni ya kwanza ya abiria kupita 2017, Wachina walijaa Voi, na mtaani watu walikuwa wanabishana hao jamaa wanaabudu nini. Jibu lililoshinda lilikuwa: "Hao hawana dini." Lishikeni hilo jibu, tutalihitaji mbele.

Naanzia Marekani, kwa sababu kwenye mijadala yetu kila upande hupenda kuiita Marekani iwe shahidi wake. Huyu anasema hata Marekani ni taifa la Mungu, someni noti zao. Yule anasema hata Marekani wametenganisha dini na serikali. Na wote wana karatasi mkononi. Rekebisho la Kwanza la katiba yao, la 1791, linalikataza bunge kuanzisha dini au kumzuia mtu kuifuata yake. Kaulimbiu ya kumtumaini Mungu ilifanywa rasmi kuwa ya taifa mwaka 1956, katikati ya vita baridi. Karatasi mbili, nchi moja. Sasa mweke Mbudha katikati ya hizo karatasi mbili uone anapita wapi.

Wabudha waliingia Marekani na kazi za mikono, kama vile Wahindi walivyoingia kwetu na reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Wachina walikuwa na hekalu San Francisco tangu 1853, na ni wao waliopasua milima kujenga upande wa magharibi wa reli ya kuvuka bara, iliyokamilika 1869. Shukrani yao ilikuwa sheria ya 1882 ya kuwafungia mlango vibarua wa Kichina. Wajapani wakafuata kwa maelfu, na mwaka 1899 makasisi wawili wa Kibudha kutoka Japani wakashuka San Francisco kuwahudumia.

Halafu kuna kioja cha 1893. Mwaka huo Chicago kulikuwa na mkutano mkubwa wa dini za dunia. Kijana mmoja kutoka Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka leo, Anagarika Dharmapala, akapanda jukwaani kueleza mafundisho ya Buddha, na wasikilizaji wakampenda. Nje ya ukumbi ile sheria ya 1882 ilikuwa bado inafanya kazi. Yaani Mbudha wa jukwaani anapigiwa makofi, Mbudha wa kubeba kokoto anafungiwa bandari. Hii tabia ya kupenda hekima ya watu na kuwachukia watu wenyewe mtaikuta kila mahali. Sisi pia tunauza utamaduni wa Kitaita kwa watalii huku tukiuita ushenzi kanisani.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Tarehe 7 Desemba 1941 Japani ikashambulia Pearl Harbor. Makasisi wa Kibudha walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kukamatwa, wengine siku hiyo hiyo, kwa sababu majina yao yalikuwa tayari kwenye orodha. Hawakuwa wameshtakiwa kwa lolote. Kuongoza hekalu kulitosha kuwa alama ya utiifu wa kushukiwa. Februari 1942 ikatoka amri ya rais, na watu wa asili ya Kijapani wapatao 120,000, theluthi mbili yao raia waliozaliwa hapo hapo Marekani, wakaondolewa pwani ya magharibi na kupelekwa kwenye kambi za jangwani. Wengi wao walikuwa Wabudha. Mwanahistoria Duncan Ryūken Williams ameandika kitabu kizima juu ya hili, American Sutra, cha 2019, na hoja yake kubwa ni kwamba hawakushukiwa kwa rangi yao peke yake. Dini yao pia ilihesabiwa kuwa dalili. Mjapani Mkristo alionekana ameshakaribia kuwa Mmarekani, na yule wa hekaluni akaonekana bado mgeni.

Hebu fikiria ungekuwa ndani ya kambi hiyo. Ungefanya nini? Wengine walichonga madhabahu kwa mabaki ya mbao. Wengine wakaamua kujificha mahali panapoonekana. Mwaka 1944, wakiwa kambini Topaz, Utah, viongozi wa shirika lao kubwa walibadilisha jina likawa Buddhist Churches of America. Churches, wadau. Makanisa. Wakawa na mabenchi, nyimbo za ibada, shule ya Jumapili. Wapo wanaosema huku ni kujiuza. Mimi nasema ukiwa nyuma ya seng'enge, na aliyekuweka humo anaelewa neno moja tu la mahali pa ibada, utatumia neno hilo.

Vijana wao waliruhusiwa kwenda vitani kabla wazazi wao hawajaruhusiwa kurudi nyumbani. Kikosi cha 442 kilipigana Italia na Ufaransa na kupoteza watu wengi. Kila askari wa Marekani alivaa shingoni kibati chenye jina, namba, na herufi ya dini ili akifa ajulikane azikwe vipi. Herufi zilikuwa tatu: P ya Mprotestanti, C ya Mkatoliki, H ya Myahudi. Mbudha hakuwa na herufi. Achague P asiyoiamini, au aache wazi kama mtu asiye na kitu. Wala hakukuwa na kasisi wa Kibudha jeshini wa kuwazika. Wa kwanza jeshini Marekani aliteuliwa 2004. Nirudie: vita vile viliisha 1945, kasisi akaja 2004.

Nilipofika kwenye hicho kibati ndipo nilipoelewa tunakosea wapi kwenye mijadala yetu. Tunatafuta sheria inayosema "marufuku dini fulani", tukiikosa tunasema basi uhuru upo. Marekani haikuwahi kupitisha sheria ya kupiga marufuku Ubudha. Ilikuwa na fomu isiyokuwa na kisanduku chake. Kwa dini ndogo, kisanduku ndicho katiba.

Huko gerezani ndiko mambo yalikuja kusukumwa. Texas, mfungwa mmoja Mbudha alilalamika kwamba wenzake wa dini nyingine wanatumia kanisa la gereza, wanapewa Biblia bure, yeye haruhusiwi hata kuandikiana na mshauri wake wa kiroho. Na alipowapa wafungwa wengine maandishi ya Kibudha, alisema, alitupwa kifungo cha upweke wiki mbili kwa mkate na maji. Mwaka 1972, katika kesi ya Cruz v. Beto, Mahakama ya Juu ikasema ikiwa hayo ni kweli, basi huo ni ubaguzi: Mbudha anastahili nafasi ya kuridhisha ya kufuata imani yake, inayolingana na ya wenzake wa dini zilizozoeleka. Mahakama haikusema kila dini ijengewe nyumba gerezani. Ilisema uchache wake si sababu ya kumnyima.

Ungedhani imeisha hapo. Machi 2019, Texas hiyo hiyo, mfungwa mwingine Mbudha anangoja kuuawa na anaomba kasisi wa dini yake awe naye chumbani. Sheria za gereza zinaruhusu makasisi walioajiriwa na gereza tu, nao ni Wakristo na Waislamu. Mahakama ya Juu ikasimamisha hukumu usiku ule. Wiki chache kabla, mahakama hiyo hiyo iliruhusu mfungwa Mwislamu wa Alabama auawe bila imamu wake. Kelele zilikuwa nyingi. Na mnajua Texas walijibu nini? Badala ya kumwongeza mtawa, wakawaondoa wote: hakuna kasisi wa dini yoyote chumbani. Usawa wa kunyima. Ilibidi kesi nyingine ndipo mlango ufunguliwe tena mwaka 2021.

Mbinu hiyo ya "basi wote wakose" tunaijua vizuri hapa nyumbani. Shule ikibanwa kuhusu hijabu, kuna mtu atasimama kusema basi hata msalaba utoke. Inasikika kama haki, lakini asiye na kitu cha kuondolewa hapotezi chochote.

Leo Wabudha Marekani ni kama asilimia moja ya watu wazima. Mwaka 2007 wawili waliingia bungeni kwa mara ya kwanza. Kutafakari kwao kunafundishwa hospitalini na kwenye makampuni, mara nyingi bila kutaja kilikotoka. Kambi za 1942 ziliombewa radhi kwa sheria ya 1988, dola 20,000 kwa kila aliyenusurika. Kwa hiyo hadithi yao ina kupanda. Ila ona ilichukua nini: vita, kesi na karibu karne moja.

Sasa turudi kwetu, maana naona mtu anataka kuandika "hayo ni ya wazungu."

Ceylon ile ile iliyompeleka kijana Chicago ilileta watu Dar es Salaam pia, wafanyakazi na mafundi wa Kisinhala waliokuja enzi za mkoloni. Wakajenga hekalu, na mpaka leo lipo Upanga, na mti wa mbodhi uwanjani, wa jamii ya ule ambao Buddha aliketi chini yake. Tangu enzi za Mwingereza liko katikati ya jiji, Tanganyika imekuja, Tanzania imekuja, Azimio la Arusha limekuja, na lenyewe lipo. Ni watu wangapi waliosoma Dar wanalijua? Wachache sana. Hicho ndicho kimya cha dini isiyo na kura. Hakuna anayeibughudhi na hakuna anayeihesabu.

Uganda kuna kisa kinachouma zaidi, kwa kuwa hapo Mbudha si mgeni. Ni Muganda. Mtawa Buddharakkhita alilelewa Mkatoliki, akaenda India mwaka 1990 kusomea biashara, huko akakutana na watawa kutoka Thailand. Alipata utawa California mwaka 2002, akaishi miaka kadhaa kwenye nyumba ya watawa West Virginia, na 2005 akaanzisha kituo cha Kibudha upande wa Entebbe. Mama yake mzazi baadaye akawa mtawa pia, kwa jina la Dhammakami.

Ameeleza mara nyingi jinsi watu walivyomwangalia na vazi lake na bakuli lake. Wengine walimdhania mganga wa kienyeji. Mlinzi mmoja alilishuku bakuli la sadaka kuwa bomu. Tunacheka, lakini tazameni kinachotokea: mtu mweusi, nchini kwake, katiba ya 1995 inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na bado jirani hana kisanduku cha kumweka. Kwa jirani, Mwafrika ana nafasi tatu tu. Kanisa, msikiti, au uchawi.

Hiyo nafasi ya tatu ndiyo inanileta Taita.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla 1883. Mlima wenyewe unauona ukisimama Voi. Wakatoliki wakafika Bura 1892. Walikuta watu wana fighi, misitu mitakatifu iliyolinda vijiji, ambayo mti wake haukatwi ovyo. Walikuta mafuvu ya wazee yamehifadhiwa kwenye mapango, kila ukoo na pango lake, na watu wakienda huko mambo yakiharibika. Na walikuta kutasa. Wasiojua: mtu anachukua pombe ya muwa au maji mdomoni, anayapuliza huku akisema maneno ya kuitoa hasira moyoni mwake. Imani ilikuwa kwamba kinyongo cha ndugu, hata kisichosemwa, huleta ugonjwa na ukame, kwa hiyo lazima kitolewe hadharani. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wataita, alikipa kitabu chake cha 1978 jina la Casting Out Anger kwa sababu aliona hiyo ndiyo roho ya dini nzima.

Someni hapo tena. Dini ambayo kazi yake kuu ni kushughulikia hasira moyoni kabla haijaumiza wengine. Ukimsomea Mbudha aya hiyo atatikisa kichwa kukubali. Sisemi ni dini moja, msije mkanipiga. Nasema Mtaita wa 1883 na mtawa wa Entebbe walipewa jibu lile lile: hao hawana dini.

Jibu hilo lilikuwa na matokeo ya kisheria. Mwaka 1925 mkoloni alitunga sheria ya uchawi, na sheria hiyo bado iko kwenye vitabu vya Kenya mpaka sasa. Mwaka 1948 Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku huko magharibi. Kinachoitwa "dini" kinapewa kiwanja na shule. Kinachoitwa "uchawi" kinapewa askari. Na anayeamua kipi ni kipi ni karani mwenye fomu.

Tuna pia 1942 yetu, na iko kwenye wadi jirani. Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wameshaichukua Taveta tangu Agosti 1914, wanapenya mpaka kuilipua reli. Mwaka 1915 Waingereza wakaamua watu wa Kasigau wanawasaidia adui. Wakawang'oa wote, wazee kwa watoto, wakawapeleka Malindi, nchi ya joto na malaria kwa watu wa mlimani. Wengi walikufa huko. Walirudi miaka ya 1930. Mtoto aliyebebwa mgongoni alirudi ana watoto wake.

Fananisheni na ile amri ya Februari 1942. Watu wengi wanaadhibiwa kwa shaka, bila kesi. Ila Kasigau kuna jambo ambalo wanahistoria wa vita huwa wanalipita. Kama ibada yako iko kwenye pango lenye fuvu la babu yako, na msitu wako mtakatifu uko juu ya kijiji chako, ukihamishwa Malindi umehamishwa na dini? Hapana, imebaki mlimani. Mkristo akihamishwa anabeba Biblia, Mwislamu anaelekea Kibla popote alipo. Mbudha wa Topaz alichonga madhabahu kwa mbao alizookota. Wewe utachonga babu? Karibu miaka ishirini bila pango ni kizazi kizima kisichofundishwa. Halafu wanarudi, na mtu wa sensa anawaandika Wakristo, naye hakosei.

Marekani iliomba radhi kwa sheria na pesa. Kasigau sijaona radhi ya namna hiyo.

Sasa kwenye mjadala wa leo, maana historia bila mjadala wa leo mtaniambia nimewapa hadithi za babu.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wahindu 60,287, wafuasi wa dini za jadi 318,727, wasio na dini 755,750, na "dini nyingine" 467,083. Ubudha haukuwa na mstari wake. Mbudha wa Nairobi, Mbahai, Rasta, wote wako ndani ya hiyo 467,083, wamekumbatiana bila kujuana. Watu karibu nusu milioni! Ni zaidi ya kura zinazohitajika kushinda kaunti kadhaa, lakini kwa kuwa ni "nyinginezo" hawana msemaji wala hawaalikwi kwenye maombi ya kitaifa. Wahindu ni wachache mara saba kuliko wao, ila wana mstari wao, na kwa hiyo wanaonekana.

Rasta walikuja kutoka kwenye kile kisanduku kwa njia ile ile ya mfungwa wa Texas, yaani mahakamani. Mwaka 2019 msichana mmoja Nairobi alikataliwa kidato cha kwanza kwa sababu ya nywele zake. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema Urastafari ni dini kama dini nyingine na inalindwa na katiba, arudishwe darasani. Kifungu cha 32 kilikuwepo tangu 2010. Ilibidi mtoto akae nyumbani wiki kadhaa ndipo mtu akisome kwa sauti.

Halafu likaja la Shakahola. Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa kwenye msitu wa Kilifi, watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa. Sitaki mtu asome uzi huu aone naichukulia kirahisi. Dola ina wajibu wa kuzuia mtu kuua watoto kwa jina la Mungu, na hapo sina mjadala. Lakini angalieni dawa inayopendekezwa kila kipindi cha televisheni: kila kundi la dini liwe chini ya muungano mkubwa unaotambulika, kila kiongozi awe na cheti cha theolojia. Rwanda walishafanya hivyo kwa sheria ya 2018, na maelfu ya nyumba za ibada zikafungwa.

Nauliza tu kama mwanafunzi wa sayansi ya siasa. Aliyefanya ya Shakahola alijiita mhubiri wa Kikristo. Kanuni inayoandikwa kwa ajili yake itamkuta nani wa kwanza? Dini kubwa zina vyuo vya theolojia, zina miungano, zina mawakili. Zitapita. Mtawa wa Kibudha atapewa cheti na chuo gani cha Kenya? Atajiunga na muungano upi, wa maaskofu au wa maimamu? Na mzee wa Sagalla anayejua maneno ya kutasa, asiye na jengo, asiye na katiba ya chama, asiyekusanya sadaka hata shilingi, atajaza fomu gani? Sheria ikisema anayeendesha ibada bila usajili ana kosa, yeye ndiye mkosaji rahisi kuliko wote kumkamata. Wakati huo yule mwenye kipaza sauti na kituo chake cha televisheni ameshasajiliwa zamani.

Kuna njia nyingine. Sheria ya jinai tayari inajua mauaji, kunyima watoto chakula na matibabu, kuzuilia watu, utapeli. Hayo hayaulizi mtu ni wa dini gani, kwa hiyo hayahitaji kisanduku. Kilichokosekana ni wa kufuatilia taarifa zilipotolewa mapema.

Mswada wowote wa namna hii lazima upitie maoni ya umma, na vikao hivyo huja mpaka kaunti. Watakaokuja kwetu kwa kawaida ni wachungaji na maimamu, kwa sababu ndio hupelekewa barua. Ukienda, usianze na "hii nchi ni ya Wakristo" wala na Kifungu cha 8. Omba wakuonyeshe fomu ya usajili. Isome mstari kwa mstari, uwaulize mzee wa Sagalla anaandika nini kwenye "jina la taasisi."

Uzi ujao: mahakama za Kadhi, ziliingiaje kwenye katiba na kwa nini mkataba wa 1895 wa ukanda wa Pwani bado unapigiwa kelele. Mtaito wa Wundanyi aliyeniomba hilo, nimekusikia.